Mita Ililia, Mlango Haukufunga

Mwezi wa nne mwaka jana, masika yakiwa yamekolea, mlango wa dereva wa gari langu uliacha kuitika rimoti. Milango mingine mitatu ilijifunga kwa mlio ule ule wa siku zote, lakini wa dereva ulibaki wazi mpaka nikisukume kitufe chake kwa mkono. Kwa mtu anayetoka Tabata, Dar es Salaam, alfajiri na kukaa kwenye foleni ya Buguruni akiwa na mkoba na simu kwenye kiti cha pembeni, mlango wa namna hiyo si jambo la kupuuzia. Hata hivyo, kilichokuja kuniuma zaidi hakikuwa hofu ya vibaka. Mimi ni mwalimu wa fizikia, nimefundisha sheria ya Ohm, ile inayounganisha volti, mkondo wa umeme na ukinzani, kwa miaka 14, na mlango huo ulinila miezi mitatu na mota mbili kwa kosa ambalo mwanafunzi wangu angelifanya kwenye mtihani ningemkata alama bila kufikiri mara mbili.

Gari lenyewe ni la Kijapani, lililoingia nchini likiwa limeshatumika kwao zaidi ya miaka kumi, kama yalivyo mengi tunayoendesha jijini. Vitasa vyake vya umeme, ambavyo mafundi wa hapa huviita senta loki, vimeundwa kwa namna rahisi kuliko nilivyodhani. Ndani ya kila mlango kuna mota ndogo inayozungusha gia za plastiki na kusukuma au kuvuta fimbo ya kitasa. Mota hiyo ina nyaya mbili tu. Wakati wa kufunga, waya mmoja hupata chanya na mwingine hasi. Wakati wa kufungua hali hugeuzwa, ule uliokuwa chanya ukawa hasi. Kazi ya kugeuza hufanywa na rilei, yaani swichi zinazoendeshwa na umeme, zilizomo kwenye kisanduku kilichofichwa chini ya dashibodi, na katika magari mengi, wakati hakuna anayebonyeza kitu, nyaya zote mbili hukaa zimeunganishwa na hasi. Umeme hupelekwa kwa muda usiofika sekunde moja, kisha hukatwa. Katika muda huo mfupi mota huvuta ampea kadhaa, ndiyo maana fyuzi ya vitasa huwa ya ampea 20 au hata 30, ilhali kazi yenyewe ni kusogeza kijiti kwa umbali mdogo tu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la papara. Jumapili moja nilikaa barazani na rimoti mkononi nikawa nabonyeza funga, fungua, funga, fungua, nikitaka kuona kama hitilafu ina mpangilio. Mwanzoni mlango uliitika mara moja moja, na baada ya mibonyezo kama thelathini ukanyamaza kabisa. Nikahitimisha kwamba mota imekata roho mbele ya macho yangu. Sikujua kwamba mota nyingi za vitasa zina kipande kidogo cha ulinzi ndani yake, ambacho ukinzani wake hupanda ghafla kikipata joto na kuuzuia mkondo mpaka kipoe. Ningeliacha gari dakika ishirini tu, mota ingelifufuka. Badala yake niliondoka na hukumu kichwani, na fundi wa kwanza niliyemwendea, kijana wa gereji ya mtaani, nilimkabidhi hukumu hiyo hiyo badala ya kumweleza dalili. Naye hakubishana na mteja. Alifungua kava la mlango, akatoa mota, tukaenda Shaurimoyo kununua nyingine ya mtumba kwa shilingi 40,000, akaifunga, na mlango ukaitika vizuri.

Uliitika kwa siku tisa.

Leo naelewa kwa nini. Kijana yule alipovuta nyaya ili plagi ifike nje ya mlango, alilisogeza fungu zima la nyaya sentimita moja au mbili, na mahali palipokuwa pameachana pakagusana tena. Mtu akibadilisha kifaa na tatizo likaondoka, ni vigumu mno kumshawishi kwamba si kifaa kilichokuwa kibovu. Ndiyo maana mlango ulipokataa tena siku ya kumi, wote wawili tulikubaliana kwamba tumeuziwa mota mbovu. Tukanunua nyingine, safari hii kwa shilingi 55,000 kwa sababu muuzaji aliapa kuwa imetoka kwenye gari lisilozidi miaka mitano. Hiyo ya pili haikumaliza hata wiki.

Hapo ndipo nilipoamua kufanya nilichopaswa kufanya mwanzoni, yaani kupima. Nilichukua mita ya kupimia volti na omu kutoka maabara ya shule, nikafungua kava la mlango mwenyewe, nikachomeka ncha zake kwenye plagi ya mota na kumwomba mke wangu abonyeze swichi. Namba kwenye kioo zilirukaruka: 3, mara 9, mara 0, kwa sababu umeme unapita kwa sehemu tu ya sekunde na mita ya bei nafuu haiwezi kuukimbiza. Nikaona niachane na volti, nipime kama waya umekatika. Niliweka mita kwenye ile sehemu ya mlio, inayolia ikipata njia ya umeme kati ya ncha zake, ncha moja kwenye plagi ya mlangoni na nyingine kwenye soketi iliyo nyuma ya plastiki ya ubavuni, pembeni mwa miguu ya dereva. Mita ikalia. Nikahamia waya wa pili, nao ukalia. Nikaandika kwenye daftari, kwa mwandiko wa mtu aliyeridhika, kwamba nyaya ni nzima na tatizo liko kwenye rilei.

Kisanduku cha rilei cha gari hilo hakipatikani kwa bei ya mota. Kabla sijakinunua, mwalimu mwenzangu alinishauri nionane na mzee mmoja anayetengeneza umeme wa magari Gerezani, mtu ambaye hana kibao wala karakana, ana meza, kiti cha plastiki na sanduku la zana. Nilimkuta akiunganisha redio ya daladala. Alinisikiliza bila kuinua uso, kisha akauliza:

"Umebadilisha mota ngapi, mwalimu?"

"Mbili, mzee."

"Na zile ulizotoa zimekufa?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwahi kuzijaribu. Zilikuwa kwenye buti, ndani ya mfuko wa rambo. Alizitoa, akachukua nyaya mbili kutoka kwenye betri aliyokuwa nayo mezani na kuigusisha ya kwanza, ile ya asili iliyokuja na gari: tak. Akageuza nyaya: tak. Ya pili vivyo hivyo. Hakusema neno, na nadhani alifanya hivyo kwa heshima. Nilikuwa nimetumia shilingi 95,000 kuondoa vifaa vizima na kuweka vifaa vizima.

Nikamwonyesha daftari langu na kumwambia kwamba nyaya nimeshazipima na mita imelia. Akacheka kidogo. "Mita inalia hata kwa uzi mmoja, mwalimu. Mota haivuti kwa uzi mmoja."

Alichofanya baada ya hapo nimekirudia mara nyingi, kwa gari langu na ya wenzangu. Alichomoa ile soketi ya pembeni mwa miguu, ili kisanduku cha rilei kisihusike tena, na upande wa nyaya zinazokwenda mlangoni akaingiza umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, akipitisha kwenye fyuzi ndogo kwa usalama. Kwa njia hiyo umeme haukuwa tena wa sehemu ya sekunde, ulikaa. Upande wa mlango akachomoa plagi ya mota na kunipa mita nipime. Nikasoma volti 12.4, sawasawa na za betri. Kisha, bila kuondoa mita, akaunganisha balbu ya indiketa ya wati 21 kwenye plagi hiyo hiyo. Balbu ikatoa wekundu hafifu kama kaa la moto linalokaribia kuzima, na namba kwenye mita ikaporomoka mpaka 3 na ushee.

Kisha akashika mlango na kuanza kuufunga polepole. Kwenye nusu ya safari balbu ilizima kabisa. Akaurudisha nyuma kiasi cha vidole vitatu, ikawaka vizuri, nyeupe, kwa kitambo kifupi. Akaufungua hadi mwisho, ikarudi kwenye wekundu. Nami vipimo vyangu vyote nilivifanya mlango ukiwa wazi, na ukiwa umesimama pale pale, wakati gari hujifunga kwa rimoti milango ikiwa imefungwa.

Kati ya mlango na mwili wa gari, karibu na bawaba, kuna mpira mweusi wenye mikunjo unaopitisha nyaya. Kila mlango unapofunguliwa nyaya zilizomo hujipinda na kujinyoosha, na kwa kuwa mlango wa dereva ndio unaofunguliwa kuliko yote, huo ndio unaotangulia kuchoka. Mzee aliuchomoa mpira ule upande mmoja, akausukuma nyuma, na kuanza kuvuta waya mmoja mmoja kwa vidole viwili, taratibu. Waya mzima haunyumbuki, kwa sababu shaba iliyomo ndani inaushikilia. Alipofika kwenye waya wa kijani wenye mstari mweusi, ganda lilinyooka kama mpira wa manati. Kwa nje lilikuwa halina hata mkwaruzo. Alilipasua kwa wembe, na ndani mlikuwa na unga wa kijani na nyuzi mbili au tatu za shaba zilizobaki zimegusana kwa bahati. Karibu yake palikuwa na jambo jingine la kufundisha: waya wa pili ulikuwa umeshawahi kuunganishwa na mtu mwingine zamani, kwa kulehemu kwa risasi pale pale penye mkunjo, kisha kuzungushiwa tepu. Risasi huufanya waya uwe mgumu, na ugumu huo unapokutana na mkunjo, waya hukatika pembeni ya kiungo. Na huu nao ulikuwa umeanza.

Hakuunganisha ncha kwa ncha. Alikata sehemu yote iliyokaa ndani ya mpira na kuweka kipande kipya kirefu cha waya wa gari wenye nyuzi nyingi nyembamba, ili viungo viwili vikae mbali na mkunjo, kimoja ndani ya mlango na kingine ndani ya ubavu wa gari, na viungo vya waya huu visilingane mahali na vya jirani yake, uvimbe usije ukajaa pamoja. Juu ya kila kiungo aliteleza mrija wa plastiki unaosinyaa ukipata joto. Nilimwuliza kama waya wa umeme wa nyumba ungefaa, maana nilikuwa nao nyumbani. Akaniangalia kwa mara ya kwanza kwa mshangao wa kweli. Waya ule una shaba moja nene. Ukikunjwa na kunyooshwa kila siku, hauna maisha.

Nilimwomba anipe kile kipande kibovu. Usiku ule nilikaa mezani na mita na kalamu. Kikiwa kimenyooka kilikuwa na ukinzani wa omu 6. Nikikikunja, mita haikusoma kitu. Mota ya kitasa niliyoipima ilikuwa na omu 2.5. Kwenye waya mzuri, volti 12.4 zikigawanywa kwa 2.5 zinatoa karibu ampea 5, na mota inaruka. Ukiongeza zile omu 6 njiani, jumla inakuwa 8.5, mkondo unashuka hadi takriban ampea 1.5, na mota inabakiwa na volti 3.6 tu, ambazo hazitoshi kusukuma fimbo. Lakini mita yenyewe, inapopima volti, ina ukinzani wa mamilioni ya omu. Mbele yake hizo omu 6 si kitu, kwa hiyo inaonyesha 12.4 bila haya. Na kile kilio cha mita hutokea kwa ukinzani wowote ulio chini ya makumi machache ya omu. Haikuwa imenidanganya. Niliiuliza kama njia ipo, nayo ikajibu kwamba ipo. Sikuiuliza kama njia hiyo inaweza kubeba ampea 5. Ningeliigeuza tu ile swichi hadi kwenye omu 200, ningeliona 6 mahali ambapo panapaswa kuwa na sehemu ndogo ya omu moja, na habari ingeliishia hapo.

Tangu hapo, mtu akinieleza kuhusu kitasa kinachosumbua, maswali yangu ya kwanza hayahusu kifaa. Nauliza ni mlango mmoja au yote. Ikiwa ni yote, sina haja ya kufungua kava hata moja. Naanza na fyuzi, ethi ya pamoja, yaani njia ya hasi, na kisanduku, na pia swichi ya mlango wa dereva, kwa sababu katika magari mengi ndiyo inayoamrisha mingine. Ikiwa ni mmoja, nauliza kama unakataa kufunga na kufungua, au jambo moja tu kati ya hayo. Swali hili watu wengi hulipuuza, nami nalipenda kuliko yote. Kufunga na kufungua hutumia nyaya zile zile mbili na mota ile ile. Kwa hiyo milango yote ikikubali kufunga na kukataa kufungua, nyaya za mlangoni zina udhuru, na macho yaelekezwe kwenye rilei au kwenye amri inayoifikia. Mlango mmoja tu ukifanya hivyo, basi mara nyingi ni fimbo inayokwama au grisi iliyoganda, si umeme.

Miezi michache baadaye mwalimu mwenzangu, yule aliyenielekeza Gerezani, alipata tatizo la aina nyingine: fyuzi ya vitasa ilikuwa inakatika. Fundi mmoja alikuwa ameshamwekea karatasi ya rangi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi, jambo ambalo kwa maoni yangu linakaribia kuwa jinai, kwa sababu mahali ambapo fyuzi ingelikatika, sasa ni waya utakaowaka, na waya huo umepita chini ya kapeti. Tulitoa karatasi, na badala ya kuendelea kuunguza fyuzi mpya, tukaunganisha ile balbu ya wati 21 kwenye matundu mawili ya fyuzi. Penye shoti, balbu huwaka kwa nguvu zote na kuzuia mkondo usizidi ampea mbili hivi, hivyo mtu anaweza kutafuta kwa utulivu bila kuunguza kitu. Ya kwake iliwaka mara moja, kabla hata hatujabonyeza swichi. Hilo lilitueleza mengi: nyaya zinazokwenda kwenye mota hazina chanya mpaka kitasa kiamrishwe, kwa hiyo shoti inayoonekana wakati wote iko kati ya fyuzi na kisanduku, au kwenye kitu kilichochota umeme hapo katikati. Na cha kwanza kushukiwa ni alamu iliyofungwa hapa nchini. Tulianza kusogeza nyaya za chini ya dashibodi kwa mkono, mmoja wetu akiitazama balbu. Tulipoinua plastiki ya kizingiti cha mlango, ikazima. Skrubu ya plastiki hiyo ilikuwa imezama kwenye ganda la waya mwekundu wa alamu, na waya huo ulikuwa umekaa hivyo tangu siku alamu ilipofungwa, ukisubiri mtetemo wa barabara umalize kuutoboa.

Kuna jambo la maji pia, na katika jiji lenye unyevunyevu na hewa ya chumvi kama hili ni lazima nilitaje. Mlango wa gari si sanduku lisilopitisha maji. Mvua huteremka kwenye kioo, huingia ndani ya mlango na kutokea kwenye vitundu vilivyo chini. Kinachozuia maji yasifike kwenye kava ni karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi isiyokauka. Fundi wangu wa kwanza aliikata katikati ili apate njia ya haraka na hakuirudishia, na katika milango ya wenzangu nimeikuta imeng'olewa kabisa na waliofunga spika au kubandika tinti. Ikishatoka, matone hudondokea kwenye plagi, na baada ya masika moja au mawili pini zinakuwa na ule unga wa kijani niliouona ndani ya waya. Siku hizi nikifungua mlango wowote, nazibua vitundu vya chini kwa kijiti, nabandika nailoni upya, na nauacha waya uning'inie kidogo chini ya plagi kabla ya kupanda, ili maji yanayoutambaa yadondokee hapo.

Mota mbili za ziada bado ninazo. Moja iko maabara, imefungwa kwenye ubao pamoja na kile kipande cha waya, betri, balbu na mita. Wanafunzi husoma volti 12 kwanza, kisha nawaambia waiwashe balbu.

Mlango wa dereva haujasumbua tena. Wa nyuma kushoto umeanza kuchelewa asubuhi, ukisikika kama unaojivuta. Nimeshaulisha umeme moja kwa moja huku mota ikiwa imeunganishwa na kuvuta, na volti 11.8 zinafika, kwa hiyo waya sina ugomvi nao. Jumamosi nitafungua kava nitazame fimbo na grisi.